Maduka makubwa hupataje faida, na nani hulipa?

Faida ya duka kubwa haitokani tu na tofauti kati ya bei ya kununua na ya kuuza. Likiwaruhusu wafanyabiashara wengine kuuza kupitia tovuti yake, hukata kamisheni. Na wanaotaka bidhaa zao zionekane mbele hulilipa kwa matangazo.

Mzigo huo huweza kumlemea msambazaji. Desemba 2023, Mamlaka ya Ushindani ya Kenya iliitoza kampuni ya Majid Al Futtaim, inayoendesha maduka ya Carrefour nchini humo, faini ya zaidi ya shilingi bilioni 1.1, baada ya wasambazaji wawili, mmoja wa asali, kulalamikia makato.

Kwa mkulima wa viazi wa Bugeshi, wilayani Rubavu, funzo ni hili: kabla ya kutia saini mkataba, aulize bei, kisha aulize makato.