Kikaango Kizito na Hiliki Nzima

Mpenzi wa vyombo bora vya jikoni hukithamini sana kikaango cha chuma cha kusubu. Huchelewa kupata moto, lakini kikishaupata hukaa nao: nyama ikitiwa, joto halishuki ghafla, nayo huiva kwa rangi nzuri ya kahawia badala ya kutokota katika maji yake. Kikiwa kipya hupakwa mafuta kidogo sana, kisha huchomwa mpaka mafuta yagande kuwa utando mweusi, mgumu, usionata. Mchuzi wa ukwaju au nyanya ukikaa humo huula utando huo. Viungo navyo vina ubora wake. Hiliki hununuliwa ikiwa na maganda na kutwangwa wakati wa kupika, kwani ikishasagwa harufu yake huruka upesi.