Mashine Haiumbi Nguvu

Akina mama wanaochota maji kwa kamba na ndoo wanajua vile mgongo unavyouma. Ndiyo maana mchuuzi akija na winchi ya mkono na kusema, "Hii itawafanyia kazi yote," kikundi huwa tayari kumaliza akiba yake. Kabla hatujatoa pesa, hebu tupige hesabu pamoja.

Tuseme maji yako mita 10 chini, na ndoo pamoja na maji ni kilo 20. Zidisha: 20 mara 10 ni 200. Hiyo ndiyo kazi ya kupandisha ndoo moja, na haipungui hata tukibadilisha chombo.

Tukifunga roda moja juu ya kisima, bado tunavuta kilo 20. Faida ni kwamba tunavuta kuelekea chini, tumesimama wima, na uzito wa mwili unasaidia.

Sasa winchi. Gogo la kuzungushia kamba lina sentimita 10 kutoka katikati hadi ukingoni. Mkono wake una sentimita 40, yaani mara 4. Basi tunasukuma kama kilo 5 tu. Lakini mikono yetu itazunguka mwendo wa mita 40 ndipo ndoo ipande mita 10. Na 5 mara 40 ni 200. Kumbe kazi ni ile ile! Tulichopunguziwa kwa nguvu tumeongezewa kwa mwendo.

Tena gogo husuguana na vishikio vyake, kwa hiyo huenda tukasukuma kilo 6. Hapo tumetoa 240, ndoo imepata 200. Zile 40 zimeliwa na msuguano. Grisi hupunguza hasara hii, haiimalizi.

Je, winchi haifai? Inafaa sana. Nyanya asiyeweza kuvuta kilo 20 anaweza kusukuma kilo 6. Ila ndoo itapanda polepole, na foleni itakuwa ndefu. Mtu akisema mashine yake inatoa kazi nyingi kuliko inayopewa, msimpe pesa.

Angalieni pia kama winchi ina kizuizi. Mkono ukiponyoka ndoo ikiwa juu, huzunguka kwa kasi na unaweza kuvunja mkono wa mtu.

Jadilianeni:
1. Kisima chetu kina mita ngapi?
2. Ni nani hasa wanaochota, na wana nguvu kiasi gani?
3. Nani atanunua grisi na kuipaka?