Somo la Redio: Kipimo cha Hewa na Unyevu

Leo nasema hasa nanyi wa Kawajense, pale mjini Mpanda, maana katika mkoa wenu wa Katavi wako watu wengi wanaochimba dhahabu.

Shika kalamu ya risasi. Jina lake latudanganya, kwa kuwa ndani yake hamna risasi. Risasi yenyewe ilichimbwa zamani huko huko Mpanda, lakini kinachoandika katika kalamu ni madini ya kinywe, ambayo hapa nchini hupatikana Mahenge na kwingineko. Kinywe ni kaboni iliyopangwa tabaka juu ya tabaka, kama kurasa za kitabu. Mwaka 2004 wataalamu wa Manchester, Uingereza, Andre Geim na Konstantin Novoselov, walitangaza kwamba wameweza kubandua ukurasa mmoja peke yake, kwa kutumia utepe wa gundi. Ukurasa huo huitwa grafini. Kurasa kama 3,000,000 zikipangwa pamoja hufanya unene wa milimeta 1 tu.

Yatufaa nini? Grafini ni nyembamba mno, hata gesi ikiigusa, umeme upitao ndani yake hubadilika mara moja. Mwaka 2007 ilionyeshwa kwamba kipimo cha grafini chaweza kutambua hata molekuli moja ya gesi iitwayo naitrojeni dioksaidi.

Gesi hii hutoka baruti ikilipuliwa shimoni. Ni sumu yenye hila. Mtu aweza kuivuta, akatoka shimoni kwa miguu yake, akala chakula chake, kisha baada ya saa kadhaa mapafu yake yakajaa maji.

Sasa sikilizeni shida yenyewe. Mvuke wa maji nao huigusa grafini, na huubadilisha umeme upande ule ule kama gesi ile. Kipimo hakiwezi kutofautisha. Fikiri shimo wakati wa masika. Kipimo chalia, watu watoka mbio, kumbe ni unyevu tu. Kesho chalia tena. Siku ya tatu nani atakijali? Tena liko kosa la pili: kipimo kikirekebishwa kwenye sifuri penye unyevu, halafu kikatumiwa penye ukavu, sumu iliyopo yaweza kufichika.

Wataalamu hukikinga kwa njia hizi:

Kwanza, joto. Kijiko kidogo cha umeme, mfano wa hita, huwekwa chini ya grafini ili maji yasikae juu yake. Lakini hula betri.

Pili, kitanda chake. Grafini hulazwa juu ya kitu kisichopenda maji, badala ya kitu cha namna ya kioo kinachoyavuta.

Tatu, utando. Utando usiopenyeka maji huzuia matone na ukungu. Lakini mvuke hupita, kwa hiyo utando peke yake hautoshi.

Nne, kipimo cha pili. Hiki hupima unyevu tu, na hesabu yake hutolewa katika hesabu ya kile cha kwanza. Hapana budi hesabu hiyo ijaribiwe katika hewa kavu na katika hewa ya unyevu pia.

Vipimo vingi vya grafini vingali katika maabara. Lakini unyevu husumbua hata vipimo vya namna nyingine. Kwa hiyo mwenye kukuuzia kipimo cha hewa, mwulize: kimejaribiwa katika unyevu wa kiasi gani? Na kipimo kiwepo kisiwepo, baada ya kulipua baruti msiingie shimoni kabla hewa safi haijaingizwa na moshi kutoka. Asiyenusa kitu asidhani hakuna sumu, maana kaboni monoksaidi, nayo hutoka katika baruti, haina harufu.

Maswali ya kuzungumza katika kikundi:
1. Kwa nini kipimo kinacholia bure ni hatari?
2. Kwa nini utando peke yake hautoshi?
3. Machimboni kwenu, ni nani aamuaye kwamba sasa watu waweza kushuka, naye hutazama nini?

Kwaherini, mpaka somo lijalo.