Kijiko Kimoja cha Sukari katika Damu

Kaskazini ya mji wa Kilifi, kando ya barabara kuu iendayo Malindi, iko nchi ya Tezo, yenye minazi, mikanju, na mashamba ya mahindi na muhogo. Wenyeji wake, ambao wengi wao ni Wagiriama na ndugu zao wa Mijikenda, wamezoea jambo ambalo wakulima wa sehemu nyingine hawakulizoea, nalo ni kuhesabiwa. Tangu mwaka 2000 makarani wa utafiti wamekuwa wakipita nyumba kwa nyumba na kuandika nani amezaliwa, nani amekufa, nani amehamia na nani amehama. Tezo ni mojawapo ya lokesheni zilizo ndani ya eneo la hesabu hiyo, ambalo ukubwa wake ni kilomita za mraba 891 na watu wake wamepita robo milioni. Mtoto wa Tezo alazwapo katika hospitali ya Kilifi, jina lake hutafutwa katika hesabu hiyo. Na hivyo wataalamu huweza kujua si idadi ya wagonjwa tu, bali pia wagonjwa hao wametoka katika watoto wangapi walio wazima nyumbani.

Kazi hiyo ni ya kituo cha utafiti cha KEMRI kilichoanzishwa hapo Kilifi mwaka 1989 kwa msaada wa shirika la Wellcome Trust la Uingereza. Miongoni mwa walioianza walikuwa Daktari Kevin Marsh na Daktari Norbert Peshu. Sifa ya kituo hicho imetokana zaidi na malaria, wala si ajabu, maana malaria ndiyo iliyokuwa ikiua watoto wa pwani kwa wingi. Lakini katika kuwachunguza watoto wenye malaria, madaktari walikutana na jambo ambalo watu wengi hudhani ni la wazee wanene wa mjini, yaani sukari iliyomo katika damu.

Damu yote ya mtu mzima, ambayo ni kadiri ya lita tano, ina sukari ipatayo kijiko kimoja tu cha chai. Hicho kijiko kimoja ndicho kinacholisha ubongo mchana na usiku. Kikipungua sana, mtu hutetemeka, hutoka jasho, huchanganyikiwa, kisha hupoteza fahamu. Kikizidi na kuendelea kuzidi kwa miaka, huharibu macho, figo, mishipa na miguu. Mtu aweza kula sima asubuhi na asile tena hata usiku, akalima shamba zima katikati, na bado kijiko hicho kisipungue wala kisizidi kwa kiasi cha kumdhuru. Namna mwili unavyofanya hivyo ndiyo habari yenyewe.

Mwili una uchaga wake wa akiba, nao ni ini. Mtu alapo, sukari inayozidi huwekwa ndani ya ini. Akaapo na njaa, hutolewa kidogo kidogo. Mwenye kazi ya kuiingiza sukari akibani ni kongosho, kiungo kilichojificha nyuma ya tumbo, kwa dawa yake iitwayo insulini. Miongoni mwa wenye kazi ya kuifungua akiba ni tezi mbili ndogo zilizokaa juu ya figo kama kofia, ambazo wataalamu huziita tezi adrenali. Uzito wa kila moja ni gramu nne au tano tu. Mtu ashtukapo kwa kumwona nyoka njiani, tezi hizo humwaga adrenalini, na sukari hupanda mara moja ili miguu ipate nguvu ya kukimbia. Katika ugonjwa, njaa au taabu ya muda mrefu hutoa homoni nyingine, kotisoli, ifanyayo kazi hiyo hiyo polepole. (Msomaji asichanganye tezi na Tezo, na tena tezo kwa Kiswahili ni chombo cha seremala.)

Sasa turudi kwa watoto. Mwaka 2003 madaktari wa Kilifi, akiwamo Daktari Faith Osier, walitangaza matokeo ya kupima sukari ya watoto walipokuwa wakilazwa hospitalini. Katika kila watoto 100, kama 7 walikuwa na sukari iliyoshuka mno. Katika watoto hao walioshukiwa na sukari, mmoja kwa kila watano alikufa. Na katika wale ambao sukari yao ilikuwa sawa, waliokufa hawakufika 4 katika 100. Walioelekea zaidi kupatwa na hatari hiyo ni wale waliokuwa hawajala kwa zaidi ya saa kumi na mbili na wale waliokuwa na vijidudu vya malaria katika damu.

Jambo hili la kukaa bila kula lafaa kufikiriwa na kila mzazi. Mtoto mwenye homa hukataa chakula. Mama humwacha alale, akidhani usingizi utamponya. Usiku mtoto hukakamaa na kutupa mikono, na katika sehemu za Kilifi wazee husema ameshikwa na nyuni, ndege wa angani, basi hupelekwa kwa mganga kwanza ili ndege huyo aondolewe. Huenda siku nzima ikapita hivyo, na mtoto hajaonja hata uji. Uchaga wa mtoto mdogo haukai siku nzima. Akiba yake huisha upesi sana kuliko ya mtu mzima. Kuna mitukutiko itokanayo na malaria yenyewe, na kuna itokanayo na ubongo uliokosa sukari, na kwa macho hakuna awezaye kuitenganisha. Kipimo cha tone moja la damu huitenganisha kwa muda mfupi. Shirika la Afya la Ulimwengu limefundisha kwamba maji ya sukari, vijiko vinne vya chai vilivyosawazishwa katika kikombe cha mililita 200 za maji safi, hutayarishwa kwa ajili ya mtoto mgonjwa sana anayepelekwa hospitali, ili apewe njiani iwapo aweza kumeza. Asiyeweza kumeza hanyweshwi kwa nguvu, maana atapaliwa.

Hata dawa yenyewe ilikuwa na lawama. Kwinini, iliyotegemewa kwa miaka mingi, huichochea kongosho kutoa insulini zaidi, na hivyo huishusha sukari ambayo malaria imekwisha kuishusha. Kilifi ilikuwa mojawapo ya mahali palipofanyika majaribio makubwa yaliyotangazwa mwaka 2010, ya watoto 5,425 katika nchi tisa za Afrika, kulinganisha kwinini na dawa ya artesuneti. Waliopewa kwinini walikufa 10.9 kwa 100. Waliopewa artesuneti 8.5 kwa 100. Na kushuka kwa sukari kulikuwa kuchache kwa wale wa artesuneti.

Utafiti ule wa 2003 ulionyesha jambo jingine ambalo halikusemwa sana na watu. Watoto wachache, wasiofika 3 katika 100, walilazwa wakiwa na sukari nyingi kupita kiasi. Mtu asidhani kwamba wote hao ni wenye kisukari. Mwili uliozidiwa na ugonjwa huamrisha tezi za juu ya figo kufungua akiba yote, na sukari hupanda kuliko inavyohitajiwa. Ni dalili ya vita vikubwa mwilini, na ndiyo maana katika hao pia vifo vilikuwa vingi.

Kisukari chenyewe ni mashaka mengine. Humo kongosho imeshindwa kutoa insulini, au mwili hauitii tena. Mgonjwa huwa na kiu isiyokatika, hukojoa mara kwa mara, hukonda huku akila. Na wazee wengi wa pwani walijua ugonjwa huu kwa kuwaona sisimizi wakikusanyika penye mkojo. Kabla ya mwaka 1922 mtoto aliyepatwa na aina ile isiyo na insulini kabisa alikuwa wa kungojea kufa. Mwezi wa Januari mwaka huo, katika mji wa Toronto nchini Kanada, mvulana wa miaka 14 alidungwa insulini iliyotolewa katika kongosho za ng'ombe, akaishi.

Huku kwetu kisukari kilihesabiwa kuwa ugonjwa wa nadra. Mwaka 1989 Daktari Donald McLarty na wenzake walitangaza matokeo ya kupima watu wazima zaidi ya 6,000 katika vijiji sita vya Tanzania, na wenye kisukari hawakufika mtu mmoja katika 100. Lakini miaka michache baadaye walipopimwa watu wa Ilala, Dar es Salaam, walionekana kadiri ya 6 katika 100, hali katika kijiji cha Shari huko Kilimanjaro hawakufika 2. Watu ni wale wale. Kilichobadilika ni jembe kuachwa, safari za miguu kupungua, na chakula kuongezeka mafuta na sukari. Karani aketiye mezani mchana kutwa, kisha akanywa chai nne zenye vijiko vitatu vitatu pamoja na mahamri, anajitwisha kazi ambayo kongosho ya babu yake haikupewa kamwe.

Tezi za juu ya figo nazo huharibika, ingawa si mara nyingi. Mwaka 1855 Daktari Thomas Addison wa London alieleza habari za wagonjwa waliodhoofika, wakatapika, wakakonda, na ngozi yao ikaingia weusi. Walipokufa, tezi hizo zilikutwa zimeharibika, na kifua kikuu kilikuwa kimewala wengi wao. Katika Afrika kifua kikuu hakijaacha kufanya hivyo. Daktari wa Kiafrika hana budi kuwa na macho makali zaidi, kwa sababu weusi ulioongezeka juu ya ngozi nyeusi hauonekani upesi. Yampasa atazame ufizi, ndani ya mashavu na mistari ya viganja. Tena dawa ya kifua kikuu iitwayo rifampisini huifanya kotisoli kuisha upesi mwilini, na mgonjwa ambaye tezi zake zilikuwa zikijikokota aweza kuanguka wiki chache baada ya kuanza kutibiwa. Na mwenye kisukari hupatwa na kifua kikuu kadiri ya mara tatu kuliko asiye nacho. Basi magonjwa haya matatu yamefungana kwa kamba moja.

Lakini siku hizi watu wengi huzilaza tezi hizo kwa mikono yao wenyewe. Prednisoloni na deksamethasoni ni dawa zilizotengenezwa kwa kufuata mfano wa kotisoli, nazo zimewaokoa wagonjwa wengi wa pumu na wa magonjwa mengine. Ila huuzwa pia bila cheti, hasa kwa wanawake waambiwao kwamba zitawanenepesha. Uso huviringana, tumbo hujaa, na jirani husifu. Wakati huo huo sukari hupanda, na wako wapatao kisukari kwa njia hiyo. Mafuta ya kung'arisha ngozi yenye klobetasoli hufanya vivyo hivyo, kwa kuwa dawa hupenya ngozini hata katika damu. Na tezi, zikiona homoni inaletwa kutoka nje, huacha kazi. Mtumiaji akimaliza fedha, au akiona haya, akaacha ghafula, huweza kuzimia na sukari yake kushuka. Na akiugua malaria siku hizo, tezi hazina cha kutoa. Mtu wa namna hiyo asiache dawa siku moja. Na aende hospitali aseme kweli ni nini alichotumia na kwa muda gani, apunguziwe pole pole.

Kupimwa huku kote hutaka damu, na damu Kilifi imekuwa na maneno yake. Wataalamu wa kituo wenyewe wameandika kwamba baadhi ya watu walisema damu ile huuzwa, na wengine wakahusisha kazi hiyo na mashetani. Si haki kuwacheka. Mzazi ambaye mtoto wake mzima ametolewa damu, kisha asipewe jibu lolote, ana sababu ya kuuliza imekwenda wapi. Kituo kilianza kuchagua na kukutana na wawakilishi wa wananchi kutoka vijijini, waulize kwa niaba ya wenzao na kurudi na majibu; na utaratibu ulio bora ni kumsomea mtu hati kwa lugha yake kabla ya sindano, naye awe na ruhusa ya kukataa bila kunyimwa matibabu.

Kipimo cha sukari hutolewa mtu akiwa hajala tangu usiku. Ikifika 7 au zaidi kwa hesabu ya milimoli katika lita, na ikarudi hivyo siku nyingine, huo ni ugonjwa wa kisukari. Kipimo cha kotisoli nacho hutolewa asubuhi, kadiri ya saa mbili, kwa maana alfajiri ndipo tezi huitoa kwa wingi, na damu ya jioni haionyeshi kitu. Mtu wa Tezo atakiwaye kupimwa vyote viwili yampasa kupanda matatu ya kwanza, na chai yake aiache mpaka atakaporudi.