Kiungo "na" katika Kufundisha Tarakimu Kubwa

Mtoto wa madarasa ya chini akiambiwa aandike "mia na tatu" naye akaandika 1003, aghalabu huhesabiwa kuwa hajui hesabu. Kwa hakika ameandika alichosikia: mia, kisha tatu. Kosa la aina hii hutokea katika lugha nyingi duniani. Katika Kiswahili, hata hivyo, limeongezewa mzizi mwingine, nao umo katika sarufi.

Katika Kiswahili kizidishi hufuata kizidishwa. "Mia tatu" ni 300, bali "mia na tatu" ni 103. Tofauti yote hiyo imebebwa na silabi moja. Vivyo hivyo "elfu tano" na "elfu na tano". Lau kama "na" ingekuwa alama ya kujumlisha siku zote, mwalimu angetoa kanuni moja akapumzika. Sivyo: "elfu mbili mia tatu" ni jumla isiyo na kiungo chochote. Tena "elfu ishirini na tano" kwa wengi ni 25,000, lakini yaweza pia kuwa 20,005. Ndiyo maana wako wasemao "ishirini na tano elfu" ili kuepa utata.

Lugha nyingine za Kenya hazimtatizi mtoto hivyo. Katika Kikuyu mia ni "igana", na mia tatu ni "magana matatũ": wingi wa nomino watangaza kuzidisha. "Mia" ya Kiswahili haibadiliki katika hesabu, kwani "mamia" hutajwa kwa wingi usio na idadi maalumu. Makumi nayo yana shida yake. Ishirini, thelathini, arobaini na hamsini zatokana na Kiarabu, na mtoto haoni ndani yake mbili, tatu, nne wala tano. Sitini, sabini na tisini zinatambulikana kwa sababu sita, saba na tisa zenyewe ni za Kiarabu. Mjaluo husema "piero ariyo", yaani makumi mawili, na maana iko wazi. Ripoti ya Kamati ya Gachathi ya mwaka 1976 ilipopendekeza lugha ya eneo itumike katika madarasa matatu ya kwanza, faida hii ya hesabu ilikuwamo, ijapokuwa ni nadra kutajwa.

Kiswahili nacho kina msaada wake, nao ni upatanisho wa ngeli. "Vitabu mia tatu" ni 300. "Vitabu mia na vitatu" ni 103, na hapana awezaye kuchanganya. "Vitabu elfu ishirini na vitano" ni 20,005 bila shaka. Kiambishi kinaionyesha tarakimu ya mamoja mahali pake. Msaada huu una mipaka: sita, saba na tisa hazipokei viambishi, kwa hiyo "watoto mia na sita" hutegemea kiungo peke yake. Lakini kizuizi kikubwa zaidi ni shilingi. Nomino hii imo katika ngeli ambayo maumbo ya tarakimu zake ni yale yale ya kuhesabu kwa mdomo: shilingi tatu, shilingi tano. Nayo ndiyo inayopendwa mno katika mazoezi ya tarakimu kubwa, kwa kuwa sokoni ndiko mtoto azisikiako. Kwa hiyo mtoto hupewa mfano ulionyimwa alama.

Yafaa basi mazoezi ya vitabu, miti na watu yatangulie, ya fedha yafuate. Yafaa pia mwalimu aseme "mia moja na tatu", asiiache "moja", na kabla ya hapo asome kwa nafasi: mia moja, makumi sifuri, mamoja matatu. Usomaji huo si Kiswahili cha mitaani, na hauna haja ya kuwa hivyo. Kazi yake ni kuitaja sifuri, ambayo usemi wa kawaida hauitaji kamwe, na ambayo ikikosa kuandikwa 103 huwa 13.