Bibi akija maktaba ya shule, jamani msimtie aibu!

Wiki hii naomba tuwaache wapendanao na kasheshe zao, tuwazungumze mabibi na mababu zetu. Najua walimu wengi wananisoma hapa, na wengine mnapanga kuwaalika wazee shuleni waje waione maktaba wakiwa na wajukuu zao. Hongereni sana. Ila kabla hamjaandika barua za mwaliko, nisikilizeni kidogo.

Nikiwa darasa la nne, shule yetu nayo iliwaalika wazee. Maktaba yenyewe ilikuwa stoo ya majembe iliyopakwa chokaa na kupigwa rafu za mbao, lakini kwetu sisi ilikuwa bonge la maktaba. Bibi yangu mzaa mama alitoa sandukuni kitenge chake cha sikukuu, akajipaka mafuta, tukaongozana. Njia nzima ananitania, eti leo mume wake anampeleka uzunguni.

Tulipofika, mwalimu, kwa nia njema kabisa, akamgawia kila mzee kitabu. Akasema, "Haya wazee wetu, kila mmoja amsomee mjukuu wake."

Bibi alikipokea kwa mikono miwili. Akakifungua. Kilikuwa kichwa chini miguu juu. Watoto waliokuwa nyuma yetu wakaangua kicheko. Bibi naye akacheka, tena kuwazidi wote, akasema miwani ameisahau nyumbani. Mimi nilijua fika kwamba bibi hajawahi kuwa na miwani.

Toka siku hiyo hakukanyaga tena shuleni. Siku ya wazazi, hayupo. Mahafali yangu ya darasa la saba, hayupo. Ukimwuliza, mara ana mgeni, mara kuku wake wanaatamia. Amefariki hivyo hivyo. Na kinachoniuma mpaka leo, msomaji wangu, ni kwamba na mimi nilicheka.

Sasa sikiliza kichekesho chenyewe. Bibi huyo huyo, usiku tukizunguka jiko, alikuwa anaweza kutusimulia habari za Sungura na Fisi mwezi mzima bila kurudia hata moja. Kwa hiyo mwenye hadithi nyingi kuliko wote mle maktabani ndiye aliyetoka kichwa chini. Simlaumu mwalimu kwa roho mbaya, hakuwa nayo. Mpango ndio uliokuwa mbovu.

Wazee hawalingani

Tukumbuke tulikotoka. Enzi za mkoloni shule zilikuwa chache, na mtoto wa kike ndiye aliyeachwa nyumbani kwanza. Nchi ilipopata Uhuru mwaka 1961, watu wazima wengi hawakujua kusoma. Mwalimu Nyerere akautangaza mwaka 1970 kuwa mwaka wa elimu ya watu wazima, na kisomo kikapamba moto, watu na kanga zao wakafundishwa hata chini ya miembe. Wengi walifaidika. Lakini kusoma ni kama jembe, ukiliweka bila kulima linashika kutu.

Leo bibi mmoja ni mwalimu mstaafu, anasoma gazeti mpaka matangazo ya vifo. Mwingine anajua kuandika jina lake tu. Wa tatu anajua kusoma vizuri ila macho yamechoka. Usimwone mzee kavaa suti ukadhani anasoma, wala usimwone kavaa kanga mbili ukadhani hajui. Cha muhimu, usimpime mbele ya mjukuu wake.

Anzeni na mwaliko

Barua ni sawa, ila mtoto afundishwe kuisoma kwa sauti akifika nyumbani. Na msimtume amwulize bibi, "Eti unajua kusoma?" Hilo ni tusi hata likisemwa kwa adabu. Mwulizeni angependa kufanya nini: kusimulia, kusikiliza mjukuu akisoma, kusoma mwenyewe, au kuonyesha kazi ya mikono. Vyote vina heshima sawa, kila mtu atachagua anachokiweza na hakuna atakayejua sababu.

Siku nayo ichaguliwe kwa akili. Siyo siku ya gulio, siyo Ijumaa mchana watu wanakwenda msikitini, wala siyo mvua za kwanza watu wako shambani. Saa mbili zinatosha. Tafuteni viti vyenye egemeo, maana goti la babu halikunjiki kwenye dawati la darasa la kwanza. Maji ya kunywa yawepo, na choo kisafishwe. Chai na maandazi, au uji wa ulezi na karanga, basi. Siyo harusi hii.

Kona nne tu

Msiwapange wazee mstari kama wanangoja dawa, huku wanasomewa risala. Gaweni chumba kona nne.

Ya kwanza ni ya hadithi. Mzee akisema "Paukwa!" watoto wanaitikia "Pakawa!" na mambo yanaanza. Vitendawili viwepo pia, na anayeshindwa atoe mji kama kawaida. Kama bibi anaijua lugha ya kwao zaidi ya Kiswahili, aachwe asimulie kwa lugha yake, halafu mzee mwenzake au mwalimu atafsiri. Hadithi ya kulazimishwa lugha inapoteza chumvi.

Ya pili, mjukuu amsomee mzee. Siyo mzee amsomee mjukuu! Hapo ndipo shule yetu ilipopotea njia. Chagueni vitabu vyenye picha na herufi kubwa, na mtoto afanye mazoezi wiki nzima kabla. Mzee anayejua kusoma atapokezana na mjukuu ukurasa kwa ukurasa. Asiyejua ataangalia picha na kuuliza maswali, na maswali ya wazee si mchezo.

Ya tatu ni ya mikono. Bibi anasuka ukili, babu anaonyesha jinsi ya kufunga wavu au kutia mpini jembe. Mwalimu wa maktaba aweke pembeni vitabu vinavyohusu mambo hayo hayo, vya kilimo, vya samaki, vya miti. Mtoto ataona mwenyewe kwamba kitabu na babu wanazungumza jambo moja.

Ya nne ni ya kumbukumbu. Watoto wawili kwa mzee mmoja, huyu anauliza, yule anaandika. Maswali matatu yanatosha. Ulipokuwa na umri wangu ulikuwa unaamka unafanya nini? Mahali hapa palikuwaje? Mlicheza mchezo gani?

Kuna watoto ambao hawana bibi wala babu, au wako mbali mikoani. Msiwaache wakichungulia dirishani. Tafuteni mapema wazee wa mtaani wasio na wajukuu shuleni hapo. Kwetu mzee wa jirani ni babu yako tu, akikukuta unafanya ujinga atakuchapa bila kumwuliza mtu.

Na kama shule haina maktaba? Kabati moja la vitabu linatosha. Hata boksi chini ya mwembe.

Wazee wakishaondoka

Hapa ndipo wengi wanapolala. Yale yaliyoandikwa na watoto yasahihishwe, yaandikwe kwa mwandiko safi, yashonwe kwa sindano na uzi, yawekewe jalada la manila. Juu yake andikeni jina la mzee, kama amekubali. Kisha kitabu kiwekwe kwenye rafu pamoja na vingine, na nakala moja aipeleke mjukuu nyumbani. Hebu fikiria, bibi asiyejua a wala be, ana kitabu chake maktabani!

Wenzetu Marekani wana siku maalumu ya mababu na mabibi, Jumapili ya kwanza baada ya sikukuu yao ya wafanyakazi mwezi Septemba. Rais Jimmy Carter ndiye aliyeitangaza mwaka 1978. Sisi tunapenda kurudia maneno ya yule mwandishi wa Mali, Amadou Hampâté Bâ, kwamba Afrika mzee akifa ni kama maktaba imeungua. Tunayasema kwenye misiba, tunatikisa vichwa, tunakwenda kula pilau. Lakini nani alikwenda kwa mzee na penseli kabla moto haujawaka?

Mimi sikwenda. Hadithi za bibi nazikumbuka tatu tu, na moja mwisho wake umenitoka kabisa. Sungura yuko juu ya mti, Fisi yuko chini anamngoja, na sijui alishukaje. Aliyekuwa anajua yuko kaburini.

Kwa hiyo mwalimu, waite wazee. Ila kitabu mpe mjukuu, na bibi mpe kiti kizuri.

Tukutane wiki ijayo, Mungu akipenda.