Bia ya watawa yenye undugu na Kipkelion: Hivi ndivyo inavyoonjwa

UKISIKIA neno watawa, bila shaka akili yako inakimbilia rozari, kengele za alfajiri na kimya kirefu. Bia haimo kwenye picha hiyo. Lakini huko Uholanzi, karibu na mji wa Tilburg, kuna watawa wa Kikatoliki ambao abasia yao imekuwa ikipika bia tangu 1884. Mojawapo ya bia hizo ni La Trappe Blond, bia ya rangi ya dhahabu yenye mtindo wa Ubelgiji, na leo tunakuonyesha jinsi ya kuionja.

Kama hujafikisha miaka 18, soma historia tu, chupa itakungoja. Na kama wewe si mtu wa pombe, usiondoke bado. Kisa hiki kina kipande chetu Wakenya.

Watawa hawa huitwa Watrapisti, jina lililotokana na abasia ya La Trappe kule Normandy, Ufaransa. Wanafuata Kanuni ya Mtakatifu Benedikto, ambayo inawataka waishi kwa jasho la mikono yao wenyewe. Ndiyo maana abasia moja hutengeneza jibini, nyingine mkate, nyingine bia. Na hapana, hawali kiapo cha kutoongea kama watu wanavyodhani. Wanaongea, ila hawapigi domo.

Abasia yenyewe inaitwa Koningshoeven. Ilianzishwa 1881 na watawa waliotoka Ufaransa wakihofia sheria kali dhidi ya mashirika ya kidini. Udongo waliopewa ulikuwa wa kichanga, na kilimo hakingeweza kuwalisha na bado kiwajengee kanisa. Wakageukia bia.

Sasa tuingie kwenye glasi.

Baridi ama moto?

Hilo ndilo swali utakaloulizwa kwenye baa yoyote ya Kenya kabla hujakaa vizuri. Kwa bia hii, jibu ni katikati. Itoe kwenye friji, ngoja kama dakika 10. Baridi kali huutia ulimi ganzi, na utakuwa umelipia ladha usiyoisikia.

Usiinywe kwa chupa. Sehemu kubwa ya ladha ni harufu, na mdomo wa chupa hauipi pua nafasi. Tafuta glasi yenye mdomo mpana. Hata ile ya mvinyo itafaa. Isuuze hadi sabuni yote iishe, kwa sababu sabuni na mafuta huua povu.

Mimina ukiwa umeinamisha glasi, kisha uinyooshe ukikaribia kumaliza ili povu lipande, kama upana wa vidole viwili hivi. Ukiona vumbivumbi chini ya chupa usirudi kugombana na muuzaji. Bia nyingi za Watrapisti huchachuka tena ndani ya chupa, na hiyo ni hamira iliyotulia. Ukitaka bia angavu, iache chini. Ukiimimina, bia itapata ukungu na ladha ya mkate.

Nusa kabla ya kunywa. Najua, mbogi itakucheka. Wacha wacheke. Utapata harufu ya mkate mpya, asali, ganda la chungwa, pengine na ndizi iliyoiva. Usidhani kuna matunda yaliyotiwa humo. Bia za laga tulizozizoea huchachushwa na hamira inayofanya kazi kwenye baridi na kuzama chini. Hamira ya bia hii hupenda joto zaidi, hupanda juu, na ikiwa kazini hutoa kemikali zenye harufu ya matunda, pamoja na ile ile inayoipa ndizi harufu yake.

Kisha chukua fundo dogo, ulizungushe mdomoni. Utakutana kwanza na utamu wa kimea cha shayiri, halafu gesi itakusisimua ulimi, na mwishoni utabaki na uchungu mwepesi wa hopsi, yale maua yanayoipa bia uchungu wake. Weka glasi chini kidogo, piga stori. Ukirudi baada ya robo saa, bia ikiwa imepoa ubaridi wake, utaona utamu na harufu vimeongezeka. Kando yake weka kuku choma na kachumbari, au samaki wa kupaka.

Kachupa kadogo, hesabu kubwa

Hapa ndipo wengi huanguka. Chupa ni ya mililita 330, ndogo kuliko uliyoizoea, kwa hivyo ni rahisi kujiambia kwamba haka si kitu. Piga hesabu. Tusker ya mililita 500 yenye kileo cha asilimia 4.2 ina mililita 21 za kileo halisi. Kachupa haka ka asilimia 6.5 kana mililita 21 na nusu hivi. Ni sawasawa. Mwili wako hauhesabu ukubwa wa chupa, unahesabu kilichomo.

Kwa hivyo ukinywa tatu kwa mwendo wa mchezo wa mpira, umekunywa kama Tusker tatu kubwa, na gari unafaa kumwachia mwingine. Utamu wake unaficha nguvu zake vizuri mno.

Nembo ya pembe sita

Dukani utaona bia kadhaa zenye picha ya mtawa mnene mwenye tabasamu. Nyingi hazipikwi na mtawa yeyote. Leffe, kwa mfano, ina jina la abasia ya Ubelgiji lakini hutengenezwa na kampuni kubwa ya AB InBev. Si dhambi, ila jua unacholipia.

Bia halisi ya Watrapisti hutambuliwa kwa nembo ndogo yenye pembe sita. Masharti yake ni matatu: ipikwe ndani ya eneo la abasia, watawa waipike au waisimamie, na mapato yatumike kuwatunza watawa na majengo yao, ziada iende kwa wenye shida.

Koningshoeven wenyewe waliwahi kuipoteza nembo hiyo. Mwaka 1999, baada ya kuingia mkataba na kampuni ya bia ya Bavaria, abasia nyingine ziliuliza: hii bado ni kazi ya watawa, au ni biashara iliyopanga nyumba kwa watawa? Kiwanda kilikuwa bado ndani ya kuta zile zile, lakini nembo ikaondoka. Ilirudi 2005, watawa walipojitwika tena sehemu kubwa zaidi ya kazi ya kiwanda.

Na Kipkelion je?

Mwaka 1956, Koningshoeven ilituma watawa Kenya kuanzisha nyumba mpya mahali palipoitwa Lumbwa wakati huo, leo Kipkelion, Kaunti ya Kericho. Waliishi huko nusu karne. Mtrapisti huapa kubaki na jumuiya yake hadi kifo, kwa hivyo nyumba kama hiyo haijengwi ili ihamishwe.

Ghasia zilizofuata uchaguzi wa 2007 zilipozuka, watu waliofurushwa makwao walikimbilia kwenye uwanja wa watawa hao kutafuta usalama. Kisha mwaka 2008 watawa wenyewe wakalazimika kuondoka. Jumuiya nzima ilihamia Uganda, na leo makao yake yako Kijonjo.

Kama una miaka 20 na kidogo, wakati huo ulikuwa unabebwa mgongoni. Huenda umesikia habari za Kiambaa na Naivasha, na hukuwahi kusikia za watawa waliokuwa wameapa kukaa, tukawafanya wakimbizi. Abasia iliyowatuma ndiyo hiyo hiyo inayopika bia unayoishika mkononi.

Basi ukiiona La Trappe Blond kwenye duka la vileo, tazama nembo, tazama asilimia ya kileo, tazama tarehe ya mwisho. Bei yake si ya kegi, kwa hivyo si lazima ununue mbili. Nunua moja, glasi ziwe mbili, na umwite beste asiye na haraka. Mkifika nusu ya chupa, mwulize kama anajua Kipkelion iko wapi.